Nyavu Ndani ya Zege

Mzee wa Maabara hakuweza kupita juu ya sakafu mpya bila kuinama. Iwe kanisani, iwe benki, iwe kwenye arusi ya watu, alikunja magoti, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya saruji, kisha akautazama ule ukucha kuona kama umetoka na vumbi. Siku moja, msibani kule Mirongo, aliinama hivyo hivyo mlangoni mwa wafiwa. Mama mmoja aliyekuwa ameketi mkekani akadhani amezidiwa na huzuni, akamshika mkono kumwinua. Mzee akamshukuru, akaingia, akatoa pole kwa heshima zote. Tulipotoka nje akaninong'oneza kwamba waliomwaga ile sakafu walikuwa na haraka ya kwenda kula.

Jina hilo tulimpa sisi, wanafunzi wa chuo cha ufundi hapa Mwanza, nalo likamkaa mpaka walimu wenzake wakalitumia. Maabara yenyewe ilikuwa banda refu la bati, matangi ya maji upande huu na mashine ya kuvunjia zege upande ule. Yeye alikuwa fundi sanifu wake, kwa hiyo alikuwa mfalme, mfagizi na mlinzi wa banda zima. Watu wote aliwaita fundi. Mkuu wa chuo fundi, mama lishe fundi, na mimi fundi tangu siku ya kwanza, wakati hata kushika beleshi sijui. Ukikosea alikupandisha cheo. Ukisikia amekuita mheshimiwa, ujue umeharibu kitu, na bora uanze kukumbuka ni kipi.

Namwandika kwa furaha, maana hakuna mwalimu aliyenifurahisha kama yeye. Lakini niseme mapema, msomaji asije akanishangaa mbele ya safari. Huyu mzee nilimkosea, nikanyamaza, naye akabeba kosa langu miaka kadhaa akidhani ni lake. Nitafika huko. Kwanza nimweleze alivyokuwa.

Somo lake la kwanza halikubadilika mwaka hata mwaka. Aliweka mezani kyubu mbili za zege, vile vipande vya mraba tunavyovitengeneza kwa ajili ya kupima. Moja ilikuwa zege tupu. Nyingine alikuwa ameichanganyia nyuzi za chuma alizozikata mwenyewe kwa praizi kutoka kwenye waya wa kufungia nondo, kila kipande urefu wa kidole kidogo. Aliingiza ile tupu kwenye mashine, akaanza kuigandamiza. Mshale ulipanda, ulipanda, halafu kyubu ikapasuka kwa mshindo na kokoto zikaruka hadi ukutani, na kila mwaka kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyejikuta nje ya mlango. Kisha aliingiza ya pili. Hiyo ilikoroma. Ilifanya nyufa huku na huku, ikavimba kidogo tumboni, lakini ikabaki imesimama, vipande vyake vimeshikana.

Tulipopiga makofi alituzuia kwa mkono, akatuambia tusome namba. Namba zilikuwa karibu sawa.

"Msidanganyike," alisema. "Nyuzi hazikuliongezea zege nguvu ya kubeba, au zimeongeza kidogo tu. Ninyi angalieni linavyokufa. La kwanza limekufa bila kuaga. Hili limeaga, na mtu aliye chini yake amepata nafasi ya kutoka."

Alituachia ufagio tuokote kokoto.

Nilipokuwa mwaka wa pili alitengeneza boriti ndogo yenye nyuzi hizo hizo, akaikunja kwenye mashine mpaka ikapasuka kwa chini. Badala ya kuitupa, akaitoa nje, akaiweka juu ya mawe mawili, akaifanya benchi yake ya chai. Kila siku saa nne asubuhi alikaa juu ya boriti iliyopasuka, kikombe mkononi, kiazi kitamu kwenye goti. Mkuu wa chuo aliona aibu mbele ya wageni, akamletea kiti. Mzee akakishukuru kile kiti, akaweka juu yake birika.

Alikuwa na ugomvi na methali. Ile ya usipoziba ufa utajenga ukuta aliichukia kabisa, alisema imetungwa na mtu ambaye hajawahi kukoroga zege. Kwa maoni yake ufa utakuja tu, upende usipende, na kazi ya fundi ni kuufanya uwe mwembamba hadi maji yasipite. Alikuwa na methali yake badala ya hiyo. Nondo ni askari, alisema, anakaa kwenye lindo lake, na mwizi akijua lindo liko wapi anapita pengine. Nyuzi ni majirani. Ziko kila mahali, na kila moja ni dhaifu, lakini ufa ukianza tu unakuta mtu ameshatoka nje kuuliza kuna nini.

Kuhusu kuchanganya, alitufundisha kwa mfano wa jikoni. Nyuzi ukizimwaga zote kwa mkupuo zinashikana mabonge, na bonge ndani ya zege ni shimo. Unazinyunyiza polepole huku mwenzako anageuza, kama unga kwenye maji ya ugali. Halafu kuna sheria moja ambayo alitutaka tuijue kuliko majina yetu. Zege lenye nyuzi linakuwa gumu kugeuza, na mafundi watalia waongezewe maji. Usiwape. Maji ya ziada yanalainisha kazi leo na kuila sakafu kesho. "Zege gumu haliombi maji," alisema, "linaomba mikono."

Huyu aliyekuwa mkali hivyo kazini, nyumbani kwake ungemshangaa. Katika maabara alipima maji kwa kikombe chenye mistari, akiinama macho yawe sawa na mstari, lakini sukari kwenye chai aliimimina kutoka kwenye pakiti akiwa anatazama pembeni. Kibaraza cha nyumba yake kilikuwa na ufa ambao kuku aliweza kutaga ndani yake. Mganga hajigangi, tulimwambia, naye alicheka akasema ule ufa ni mzee kuliko elimu yake. Na ingawa alizeeka akiwapigania wanaoanika dagaa, dagaa mwenyewe hakumgusa. Alisema katika shule ya bweni alikula mchanga wa dagaa wa kutosha maisha yake yote.

Hilo la mchanga ndilo lililompeleka kwenye nyavu. Watu wa huku wanajua, ila kwa asiyejua nieleze. Dagaa akianikwa juu ya mchanga wa ufukweni anabeba mchanga, na dagaa wa mchanga huishia kuwa chakula cha kuku. Akianikwa mahali safi analiwa na watu, na aliyemwanika anaheshimika sokoni. Akina mama wa mwambao wote wanatamani sakafu za zege za kuanikia. Tatizo ni upepo. Zege likimwagwa karibu na ziwa, upepo na jua vinanyonya maji ya juu kabla halijashikana, na kufika jioni limeshachanika kama tope la zizini lililokauka. Mchanga unarudi kupitia kwenye nyufa.

Nyuzi za chuma hazikufaa pale. Chuma, Mzee alisema, ni kwa ajili ya zege lililokomaa, linalogongwa na kubebeshwa mizigo. Tena zile zinazochungulia juu zinashika kutu na kuchoma nyayo, na wanawake wa dagaa wanafanya kazi pekupeku. Zege changa linahitaji nyuzi laini, za plastiki au nailoni, nyingi na nyembamba, za kulishika katika zile saa za mwanzo. Kuna za kiwandani, lakini wakati ule huku kwetu zilikuwa za kusimuliwa. Mzee akatazama ziwani, akaona nyavu zilizochakaa zimetupwa kila mwalo, pale wavuvi wanapopakulia samaki.

Alizikusanya kwa magunia. Alizifua mara tatu kwa sabuni kutoa mafuta ya samaki, akazianika kwenye kamba ya nguo ya mkewe, kisha akazikatakata urefu wa njiti ya kiberiti. Paka wa mtaa mzima walihamia kwake. Mkewe, mama mcheshi asiyekopesha maneno, aliwaambia majirani kwamba aliolewa na mtu wa maabara, sasa anaishi na mvuvi asiyeleta samaki. Siku moja gatini, kwenye feri ya kwenda Nansio kisiwani Ukerewe, ofisa wa uvuvi alimsimamisha akidhani gunia lake lina nyavu haramu. Mzee akalifungua, akaanza kumfundisha zege tangu mwanzo, saruji, kokoto, upepo, hadi feri ikapiga honi. Yule ofisa akamwomba apande.

Hiyo safari ya Nansio ndiyo ya sakafu ya kosa langu, na mimi nilikuwamo. Kikundi cha akina mama wa dagaa, kwenye mwalo mmoja nje kidogo ya mji, walikubali Mzee awajengee sakafu ya kwanza ya nyavu. Ikifaa, nyingine tatu zingefuata hadi kila mwanachama apate pa kuanikia. Mwenyekiti wao alikuwa mama mrefu wa sauti nzito, na sisi tulimwita Mama Mwenyekiti kama walivyomwita wenzake. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo mwaka ule, Mzee amenichukua kuwa msaidizi wake, na daftari la kazi nilishika mimi.

Asubuhi ilikwenda vizuri. Mkorogo wa kwanza Mzee aliusimamia mwenyewe, akapima maji, akanyunyiza nyavu, akajaza kyubu za kupima kutoka kwenye huo. Halafu tukagundua magunia ya kufunika zege ili lisikauke haraka yamesahaulika. Akapanda pikipiki kwenda Nansio kuyafuata, akaniachia kazi. Aliniambia neno moja tu, mikono.

Hajafika mbali mafundi wakaanza. Jua lilikuwa kali, zege linagoma kwenye beleshi, na wao walikuwa wanaume saba wenye watoto wakubwa kuliko mimi. Kiongozi wao alikuja taratibu, kwa adabu, akasema, "Dada, hili zege halisogei. Tuweke maji kidogo tu, Mzee mwenyewe hatajua." Nilisema hapana. Walisimama wakaegemea mabeleshi yao, wakanitazama. Zege lililokwisha kukorogwa lilikuwa linakauka machoni petu, akina mama wanatuangalia kutoka kwenye kivuli, nami niliogopa kuonekana binti asiyejua kazi. Nikasema wekeni.

Ndoo mbili kwa kila mkorogo. Kazi ikatiririka kama uji, mafundi wakaimba, na Mzee aliporudi alikuta tumebakiza pembe tu. Alifurahi. Alinisifu, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo. Jioni nikaandika kwenye daftari, kwa mwandiko mzuri, kwamba maji yalikuwa kama yalivyopangwa.

Sakafu ilidumu masika moja. Kisha ikaanza kutoa vumbi, ikafuata nyufa, na kwenye kingo za nyufa zikatokeza nyuzi za nyavu, kijani na buluu, kila mtu aone. Kyubu tulizozijaza asubuhi ile zilivunjika kwa namba nzuri kabisa. Mzee alikaa na daftari langu siku mbili. Zege lilikuwa sahihi kwenye kyubu, maji yalikuwa sahihi kwenye daftari, basi kilichobaki ni nyavu. Akahitimisha kwamba mafuta ya samaki hayakutoka yote, na kwamba nailoni iliyokwisha kuchoka juani haifai. Alivuka ziwa akawaambia akina mama kwamba kosa ni lake. Sakafu zile tatu hazikujengwa. Magunia ya nyavu yaliyobaki akayateketeza kwa moto nyuma ya maabara, akichuja harufu ile mbaya kwa kitambaa puani.

Ningeweza kusema siku ile. Nilikuwa na kazi mpya, nilikuwa na woga, na nilijidanganya kwamba huenda kweli ni mafuta ya samaki. Mzigo ulikuja baadaye. Mzee alikuwa mtu wa kufundisha makosa, na kosa alilolipenda kulifundisha ni lake mwenyewe. Kila mwaka, wiki ya nyuzi, alichora ubaoni sakafu ya Ukerewe, akawaambia wanafunzi, "Hapa nilikosea mimi. Niliamini kitu kwa sababu nilikipenda." Mimi nilikaa nyuma ya darasa na daftari mapajani. Nilimsikia hivyo mara tano kabla sijahama. Aibu niliyoiona mle ndani siwezi kuieleza vizuri, na sitajaribu.

Sasa hivi nasimamia sakafu za maghala hapa mjini. Nyuzi za chuma zinakuja kwenye maboksi, zimegundishwa pamoja kama vitana na zina ndoano kwenye ncha, na zile za plastiki ziko kwenye mifuko unayoichana tu. Hakuna anayekata waya kwa praizi. Mafundi bado wanaomba maji, na wananiona mkatili.

Mzee amestaafu, anaishi Usagara, karibu na njia panda. Nilikwenda kumtembelea Jumamosi moja asubuhi, mwaka huu. Nilimkuta uani analisha kuku, amekonda, lakini mgongo umenyooka.

Nikamwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba fundi, akaniuliza habari za maghala. Nilimweleza zile nyuzi za vitana akafurahi mpaka akasahau kuku. Halafu akaniambia, kama habari ya kawaida, kwamba juma lililopita alikuja mwalimu mpya wa chuo, binti msomi, anataka kufanya utafiti wa nyavu chakavu kwenye zege. Alikuwa amesikia kwamba Mzee aliwahi kujaribu.

"Nikamwambia asipoteze ujana wake," alisema. "Nyavu tulizijaribu, hazifai."

Sikuwa nimekwenda kwa ajili hiyo. Nilikuwa nimebeba sukari na mkate, nikae saa moja niondoke. Lakini kichwani nikamwona yule binti akirudi mjini na begi lake, ameamini.

"Mzee, nyavu hazikuharibu ile sakafu," nikasema. "Niliiharibu mimi. Ulipokwenda kufuata magunia niliruhusu waongeze maji."

Aliweka chini bakuli la kuku.

"Ndoo ngapi?"

"Mbili. Kila mkorogo."

"Mikorogo mingapi?"

"Yote, ukiacha ule wa kwanza. Kyubu zilitoka kwenye ule wa kwanza."

"Na daftari?"

"Nilidanganya."

Midomo yake ilianza kucheza bila sauti, nikajua anapiga hesabu, maji juu ya saruji, kama alivyokuwa akifanya mbele ya ubao. Nilingoja hasira, na ningeipokea. Uso wake badala yake ukafunguka polepole, akashika kichwa kwa mikono miwili, akacheka. Akamwita mkewe kwa sauti ambayo sikujua bado anayo. Mkewe akatoka na mikono yenye povu.

"Mama, nyavu hazikuwa na kosa," akamwambia.

"Nyavu zipi?"

"Zile za Ukerewe. Hazikuwa na kosa lolote. Ni maji."

Mkewe akamtazama, akanitazama na mimi niliyekuwa nafuta machozi, akaelewa bila kuelezwa zaidi. Akaingia ndani kuongeza chai. Mzee aliendelea kutembea uani, anarudia hesabu yake kwa sauti sasa, anauliza saruji ilikuwa mifuko mingapi, anajijibu mwenyewe. Kisha akasimama mbele yangu, kicheko kimekwisha.

"Mimi umenifurahisha," alisema. "Siwezi kukudanganya, nimefurahi sana. Lakini mimi nilikosa nini? Nilikosa usingizi tu. Akina mama walikosa sakafu tatu. Umewaambia?"

"Bado."

"Basi hujamwambia mwenye haki."

Namba ya Mama Mwenyekiti nilikuwa nayo kwenye simu miaka yote, sijawahi kuipiga. Nikapiga pale pale nimesimama katikati ya kuku, Mzee akanionyesha kwa kidole nifungue spika. Aliitikia baada ya muda, nyuma yake kuna upepo na watu wanaitana. Nilijitambulisha, nikamwamkia, nikamweleza yote tangu magunia mpaka daftari.

Nikamsikia akimwomba mtu amshikie dagaa, akasogea mbali na upepo.

"Kwa hiyo zile nyavu," alisema mwishoni, "zikikorogwa inavyotakiwa, zinafaa?"

"Zinafaa, mama," Mzee akajibu kutoka begani kwangu.

"Mzee uko hapo?"

"Nipo."

"Basi njooni," akasema Mama Mwenyekiti. "Sisi bado tunaanika mchangani. Ila maji nitapima mimi."